Je, Mitandao ya Kijamii Imeanza Kuwachosha Watoto Wetu?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako lakini tega sikio. Kama unanyonyesha, keti vizuri uegemee. Na kama kikundi chenu kimekutana leo na mmoja wenu anawasomea wenzake kutoka kijitabu hiki, basi asome polepole, maana mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Leo tunazungumza kuhusu simu na mitandao ya kijamii. Huenda ukauliza, hayo yanahusiana vipi na afya? Yanahusiana sana. Usingizi wa mtoto ni afya. Furaha ya mtoto ni afya. Usalama wa mwili wake ni afya. Na mambo haya yote matatu siku hizi hupitia ndani ya simu.

Kuna wazazi wengi wanaosema hivi: "Ah, mambo ya Facebook yamepita. Mwanangu hayuko huko tena. Amechoka nayo." Mama anafungua ukurasa wa mwanawe na kukuta picha ya mwisho iliwekwa miaka miwili iliyopita. Anashusha pumzi. Anasema moyoni, "Mungu ashukuriwe, mtoto amekua, ameacha upuuzi." Je, mama huyu ana haki ya kutulia? Hebu tuchunguze pamoja.

MITANDAO HUJA NA KUPITA

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mitandao ya kijamii ni mfano mzuri wa methali hiyo.

Mwaka 2002 ulianzishwa mtandao ulioitwa Friendster. Mwaka 2003 ukaja MySpace. Vijana wa Marekani waliupenda MySpace mno, hata mwaka 2005 kampuni ya News Corporation ikaununua kwa dola milioni 580. Lakini Facebook, ulioanzishwa mwaka 2004 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulikuwa unakuja nyuma yake. Kufikia mwaka 2009 Facebook ulikuwa umeupita MySpace huko huko Marekani, na mwaka 2011 MySpace uliuzwa tena kwa takriban dola milioni 35 tu. Fikiria mtu aliyenunua ng'ombe kwa shilingi 58,000, kisha akamwuza kwa shilingi 3,500. Hivyo ndivyo mtandao unavyoweza kuchuja.

Wengine wamekwenda kabisa. Orkut, uliopendwa sana Brazil na India, ulifungwa mwaka 2014. Mxit wa Afrika Kusini, uliokuwa ukitumika hata katika simu ndogo za bei nafuu, ulifungwa mwaka 2016. Google+ ulianza mwaka 2011 na kufungwa mwaka 2019.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni ndiyo. Mitandao huzeeka na vijana huichoka. Lakini swali la pili ndilo muhimu kwako wewe mama: je, walipoichoka walirudi uwanjani kucheza kati na kuruka kamba? La. Walihama.

Shirika la utafiti la Pew huko Marekani liliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 17 juu ya jambo hili. Katika utafiti wa miaka ya 2014 na 2015, vijana 71 katika kila 100 walisema wanatumia Facebook. Mwaka 2022 waliosema hivyo walikuwa 32 tu. Lakini mwaka huo huo wa 2022, vijana 67 katika kila 100 walisema wanatumia TikTok, mtandao ambao wakati wa ule utafiti wa kwanza haukuwapo duniani.

Na Facebook wenyewe haukufa. Mapema mwaka 2022 kampuni yake ilitangaza kwamba idadi ya watu wanaoufungua kila siku ilikuwa imepungua kwa mara ya kwanza. Wengi wakadhani mwisho umefika. Hata hivyo, kufikia katikati ya mwaka 2023, watu zaidi ya bilioni 3 walikuwa wakiufungua angalau mara moja kwa mwezi. Sisi wazazi, shangazi na wajomba bado tumo. Vijana ndio wanaotafuta kivuli kingine.

Tena kumbuka kwamba kampuni yenye Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Kwa hiyo kijana anayetoka Facebook akaingia Instagram ametoka chumba kimoja akaingia kingine, lakini mwenye nyumba ni yule yule.

KWA NINI VIJANA HUHAMA?

Sababu ya kwanza ni sisi wenyewe. Kijana hapendi kucheka na rafiki zake mahali ambapo mama, mwalimu na mzee wa kanisa wanasoma kila neno. Siku shangazi anapoandika chini ya picha, "Umekonda mwanangu, unakula kweli?", kijana hufunga virago.

Sababu ya pili ni marafiki. Mtandao ni kama soko. Wauzaji na wanunuzi wakihamia soko jipya, wewe utabaki katika soko la zamani ufanye nini? Marafiki watano wakihama, wa sita huwafuata.

Sababu ya tatu ni upya. Mtandao mpya huja na vitu ambavyo wa zamani haukuwa navyo: video fupi, muziki, picha zinazofutika zenyewe.

Sababu hizi si mbaya. Kutaka kuwa na wenzake ni sehemu ya kukua kwa kijana, na hata sisi tulikuwa na mahali petu ambapo wazazi hawakufika. Tofauti ni kwamba mtoni au kisimani tulikuwa na watoto wenzetu tu. Katika simu, mtu yeyote duniani anaweza kuketi karibu na mwanao, na anaweza kujiita jina lolote na kudai umri wowote.

KINACHOBAKI NI KILE KILE

Majina ya mitandao hubadilika, lakini namna inavyomshika mtoto haibadiliki sana. Hebu nikueleze kwa mfano wa mvuvi.

Mvuvi anatupa ndoana ziwani. Mara tano hapati kitu. Mara ya sita ananasa sangara. Angejua kwa hakika kwamba hakuna samaki, angekwenda nyumbani. Angejua kwamba kila akitupa atapata, angejaza kikapu akaenda nyumbani. Ile "labda" ndiyo inayomweka ufuoni mpaka giza linaingia.

Simu hufanya vivyo hivyo. Mtoto anasukuma kioo kwa kidole. Video hii haipendezi. Hii nayo hapana. Hii inachekesha! Basi anaendelea kusukuma. Anaweka picha, kisha anarudi kila dakika kuangalia wangapi wameipenda. Kitufe cha kuonyesha kupenda kiliwekwa katika Facebook mwaka 2009, na mitandao mingine mingi ina chake. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Kipindi cha redio kina kwaheri. Lakini mitandao mingi haina mwisho, na video moja ikiisha nyingine imekwisha anza.

Hili limepangwa. Mitandao hii haikutozi ada ya kuingia, hulipwa na wenye matangazo. Mtoto akikaa muda mrefu zaidi, matangazo huonekana zaidi, na kampuni hupata zaidi. Wewe mama unalipa bando, na mtoto analipa kwa muda wake na usingizi wake.

Kwa hiyo usimwone mwanao kuwa mvivu au mkaidi kwa sababu hawezi kuiweka simu chini. Anapambana na kitu kilichotengenezwa na watu wazima hodari ili asiweze kukiweka chini.

MADHARA KWA AFYA

Kwanza, usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa chukua msichana wa sekondari anayesoma shule ya kutwa. Taa inazimwa saa nne usiku. Wewe unajua amelala. Kumbe yuko chini ya blanketi na simu mpaka saa saba. Saa kumi na moja alfajiri unamwamsha ajitayarishe kwa shule. Amelala saa nne tu. Darasani anasinzia, nyumbani ana hasira, na wewe unasema ana kiburi. Mwanga wa kioo cha simu na msisimko wa anayoyaona huufukuza usingizi, na kijana asiyelala hukosa umakini na huwa mwepesi wa huzuni.

Pili, hisia. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Tatizo hili lina vyanzo vingi: ugomvi nyumbani, umaskini, kufiwa, kudhulumiwa. Simu peke yake si mchawi wa kila kitu. Lakini mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa tahadhari kwamba vijana wanaokaa katika mitandao zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari mara mbili zaidi ya kuwa na dalili za huzuni na wasiwasi. Wataalamu bado wanajadiliana kama simu ndiyo inayoleta huzuni au kijana mwenye huzuni ndiye anayekimbilia simu. Kwako mama, njia zote mbili zinaonyesha jambo moja: mtoto anayeishi ndani ya simu anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Angalia pia jinsi mtoto anavyojilinganisha. Msichana anaona nyuso zilizolainishwa na programu za simu, anajitazama kwenye kioo cha nyumbani, anajiona mbaya. Hapo ndipo wengine huanza kuacha chakula, au kununua krimu za kujichubua. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Wavulana nao huona magari na pesa za haraka, wakaingia katika kamari ya simu.

Tatu, usalama. Hapa naomba utege sikio zaidi. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliofanywa Kenya na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini, kati ya watoto 5 na 13 walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono kupitia intaneti katika mwaka mmoja tu. Hao ni watoto wa hapa kwetu.

Mara nyingi huanza hivi. Mtu humsifu mtoto. Humtumia pesa kidogo za kununua bando. Humwambia, "Siri yetu, usimwambie mama." Kisha huomba picha. Akishaipata, hubadilika na kusema, "Nitumie nyingine, au nilipe, la sivyo naisambaza kwa shule yenu yote." Mtoto hubaki amenaswa, na anaona aibu kukuambia.

MTOTO AKIACHA SIMU GHAFLA

Sasa turudi kwa yule mama aliyeshusha pumzi. Kuna hali mbili ambazo kuchoka kwa mtoto si habari njema.

Hali ya kwanza ni kwamba hakuchoka, amehama. Akaunti unayoijua wewe imenyamaza, lakini anayo nyingine usiyoijua, pengine kwa jina jingine. Hili si ajabu na si lazima liwe baya, lakini ni vizuri ulijue.

Hali ya pili ni nzito zaidi. Mtoto aliyekuwa anapenda simu anaitupa ghafla. Anashtuka ikilia. Amefuta akaunti zote. Hataki kwenda shule. Hataki kucheza mpira wala kuimba kwaya. Marafiki wakija anasema waambiwe hayupo. Mama anafurahi kwamba simu imeachwa, kumbe mtoto anatishwa na mtu, au wenzake wanamcheka katika kikundi cha darasa, au ameingiwa na ugonjwa wa huzuni. Mtoto aliyechoka na simu hutafuta kitu kingine cha kufanya. Mtoto aliyeingiwa na huzuni huchoka na kila kitu pamoja.

Ukiona mojawapo ya dalili hizi kwa wiki mbili au zaidi, usingoje: halali au analala kupita kiasi, hali au anakula kupita kiasi, analia au ana hasira bila sababu, amejitenga, alama za shule zimeshuka, anasema hana faida duniani. Keti naye peke yenu. Mwulize kwa upole. Na kama unaogopa kwamba anafikiria kujiua, mwulize waziwazi. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kushusha mzigo. Kama amesema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani mahali anapoweza kuzifikia, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kama anatishwa kwa picha, fanya haya. Usimpige. Mwambie, "Hukufanya kosa kuniambia, tutalimaliza pamoja." Msimlipe anayetisha, kwa maana akilipwa hudai tena. Msifute ujumbe wala namba za simu, kwa sababu ni ushahidi. Lakini usiitume picha hiyo kwa mtu yeyote, hata kwa jamaa. Piga simu namba 116, ambayo ni namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya, mchana na usiku. Kisha piga ripoti kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao inakataza kusambaza picha za uchi za mtu na kumsumbua mtu mtandaoni, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataja unyanyasaji wa watoto kupitia mtandao.

Na kama mtoto amekutana na mtu huyo na kubakwa, hospitali ndiyo ya kwanza. Asioge wala asifue nguo alizovaa. Mfikishe hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na msichana apewe dawa ya kuzuia mimba. Zikishapita saa hizo bado mpeleke, kwa maana kuna matibabu mengine na ushauri anaohitaji.

MAMA AFANYE NINI?

Nchini Australia kuna sheria iliyoanza kufanya kazi Desemba 2025, inayoitaka mitandao mikubwa kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Sisi tusikae tukingoja sheria. Ulinzi wa kwanza wa mtoto ni nyumba yake.

Jambo la kwanza, mwombe akufundishe. Usianze na hukumu. Mwambie hivi:

"Mwanangu, naona watu wanacheka sana na hii TikTok. Hebu nionyeshe."

"Ah, mama, wewe huwezi kupenda."

"Nionyeshe tu. Huyu ni nani? Na huyu unamjua?"

Katika dakika kumi za namna hiyo utajua mengi kuliko ukimnyang'anya simu usiku ukaipekua. Na mtoto atajua kwamba mambo hayo yanazungumzika.

Jambo la pili, simu zilale sebuleni. Chagueni saa, kwa mfano saa tatu usiku, simu zote ziwekwe mahali pamoja pa kuchaji. Zote, pamoja na yako na ya baba. Mtoto akisema anaihitaji imwamshe asubuhi, mnunulie saa ndogo ya mezani. Ni rahisi kuliko dawa ya macho mekundu.

Jambo la tatu, heshimu umri. Mitandao mingi mikubwa yenyewe inasema mtoto wa chini ya miaka 13 asiwe na akaunti. Usimdanganyie mwaka wa kuzaliwa ili afunguliwe. Ukimfundisha kudanganya umri wake, utashangaaje mtu mwingine akimdanganya wa kwake?

Jambo la nne, fungeni milango. Pamoja na yeye, iwekeni akaunti yake ionekane na marafiki tu. Zimeni kile kinachoonyesha mahali alipo. Neno la siri asimpe rafiki yeyote. Na apokee marafiki anaowajua kwa sura, si kwa picha.

Jambo la tano, mpe kitu badala yake. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo likizo ikifika kijana hujitupa ndani yake kama mwenye kiu. Ukimwambia tu "weka simu chini", ataiweka na kukutazama. Panga mapema. Kuna mpira, kwaya, madrasa, kumtembelea nyanya, kazi ya shamba yenye malipo kidogo, kupika pamoja. Watoto huwa hawahitaji vitu vya gharama. Wanahitaji watu.

Jambo la sita, usitumie simu kama kiboko. Mtoto akijua kwamba akikuletea shida utaichukua simu mwezi mzima, hatakuletea shida. Kataa tabia, weka mipaka, lakini mlango wa kukuambia ubaki wazi daima.

NA WEWE MAMA JE?

Tumewazungumzia watoto, lakini wanafuata mfano wa nani? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na siku hizi ulimwengu uko mkononi mwake.

Ukiwa na mtoto mchanga, jua kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni hata kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja pia. Wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Mtoto mdogo hujifunza maneno kwa kutazama uso unaomjibu. Video haimjibu. Kwa hiyo unaponyonyesha, iache simu kidogo, umtazame, umwimbie. Najua kunyonyesha usiku kunachosha na simu inakuliwaza. Hakuna anayekuhukumu. Jaribu tu kunyonyesha mara moja au mbili kwa siku bila simu.

Pili, fikiri kabla ya kuweka picha za watoto. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye jina la shule inamwambia mgeni mahali pa kumpata. Picha ya mtoto akioga bafuni usiiweke kabisa.

Tatu, jihadhari na ushauri wa afya wa kwenye vikundi. Ujumbe unaoanza na "nimeutuma kama nilivyoupokea" hauna mwenyewe. Usimnyime mtoto chanjo kwa sababu ya video. Usimpe maji wala uji kabla ya miezi sita kwa sababu mtu asiyejulikana ameandika hivyo. Mwulize muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chako.

KUMALIZIA

Basi mama mpendwa, je, mitandao ya kijamii inachosha? Ndiyo, mmoja mmoja. Huu unaovuma leo nao utapitwa, na mwanao atakuambia ni wa wazee. Lakini ukingoja fasheni ipite ili mwanao awe salama, atakuwa amekuwa mtu mzima kabla hujamfikia. Usijitie kazi ya kujua jina la kila mtandao mpya. Jua mambo matatu: mwanangu analala saa ngapi, anazungumza na nani, na siku akipata shida atamwambia nani. Ukijua hayo, hata akihamia wapi utakuwa karibu naye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, simu hulala wapi usiku? Ni nini kitakachokuzuia kubadilisha hilo wiki hii?

2. Mtoto wako akitishwa na mtu kwa picha, unafikiri atakuambia? Kama hapana, anaogopa nini kwako?

3. Katika mtaa au kijiji chenu, kuna mahali gani ambapo vijana wanaweza kukutana na kucheza bila kulipa? Kama hapapo, kikundi chenu kinaweza kuanzisha nini likizo ijayo?

4. Ni ujumbe gani wa afya uliopokea kwenye simu hivi karibuni, na ungeuthibitishaje?

Andikeni namba 116 mahali ambapo kila mtu nyumbani anaweza kuiona. Hadi tutakapokutana tena, lindeni afya zenu na za watoto wenu. Kwaherini.